Mpishi wa Nzi

Alipojifungua watoto wawili kwa mpigo, jina lake la kuzaliwa lilikwenda likizo na halikurudi tena. Mtaani, sokoni, hata kliniki, akawa Mama Pacha. Mumewe naye akawa Baba Pacha bila kuulizwa. Huyu mume alikuwa fundi wa cherehani. Si wa kushona, wa kuzitengeneza. Ukimpelekea cherehani iliyokufa aliitegea sikio, akaizungusha gurudumu taratibu, kisha akakwambia inaumwa wapi. Pacha wenyewe walikua, wakaolewa, wakahamia mbali. Nyumbani wakabaki watu watatu: Mama Pacha, Baba Pacha, na dada yake Baba Pacha, mjane mwenye ulimi mkali na moyo laini, ambaye Mama Pacha alimwita wifi.

Kwa miaka mingi Mama Pacha alipika katika jiko la shule ya bweni. Alikuwa mtu wa sufuria kubwa, zile ambazo mtoto wa miaka saba angeweza kuogea. Hakuna chakula kilichotoka jikoni kwake bila kuonjwa, na hakuna alichokionja asikiongezee kitu. Wanafunzi walimpenda kwa hilo.

Shule ilipofunga jiko na kuanza kuletewa chakula kutoka nje, Mama Pacha akabaki nyumbani. Kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, alipanga makabati, akayapangua, akayapanga upya. Baba Pacha hakuwahi tena kukuta kijiko mahali alipokiacha jana. Ndipo wifi aliporudi kutoka sokoni na habari.

"Kule chuoni, kwenye jengo la maabara, wanatafuta mpishi. Tangazo lipo getini. Nenda, wifi yangu, kabla kaka yangu hajatuhama."

Mama Pacha alivaa gauni lake la heshima akaenda. Alipokelewa na mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe na miwani iliyoning'inia shingoni. Huyo ndiye aliyeongoza maabara, na watu wote walimwita Daktari. Umri wake ulikuwa kama wa pacha.

"Karibu, mama. Umewahi kupikia watu wangapi?"

"Shule nzima."

"Hapa utapikia wengi zaidi," Daktari alisema. "Ila ni wadogo. Ni nzi."

Mama Pacha alimtazama usoni kuona kama anataniwa. Daktari hakuwa anatania. Alimchukua mpaka chumba chenye joto la asubuhi, ambamo rafu zilijaa vichupa vya kioo vilivyozibwa kwa pamba, na ndani ya kila kichupa walikuwamo nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva mno. Chini ya kila kichupa palikuwa na chakula kilichoganda, cha rangi ya kahawia. Ndani ya chakula hicho funza, watoto wa nzi hao, walijichimbia, wakila kwa bidii, vichwa chini.

"Tunachunguza kisukari," Daktari alieleza. "Nzi ana mwili mdogo lakini naye anatumia sukari, anahifadhi mafuta, na ana kemikali inayofanya kazi kama insulini yetu. Tukimlisha sukari nyingi tangu utotoni, mwili wake unaanza kusumbuliwa na sukari ile, kama wa mtu. Halafu anaishi muda mfupi, kwa hiyo tunaona maisha yake yote mbele ya macho yetu. Lakini yote yanaanzia kwenye sufuria. Chakula kikiharibika, kila kitu kimeharibika."

Neno kisukari lilimgusa Mama Pacha mahali pabaya. Baba Pacha alikuwa nacho mwaka wa nne sasa. Dawa alimeza, lakini kwa shingo upande, na ushauri wa kliniki aliusikia kwa sikio moja. Nyumbani mkewe alimwekea chai isiyo na sukari, naye aliinywa kwa unyenyekevu mkubwa, kisha akaenda kwenye karakana yake ambako, ndani ya kopo la vipande vya akiba vya cherehani, chini ya sindano na vigurudumu, alificha peremende.

"Nitapika," alisema Mama Pacha.

Jioni alipotoa habari nyumbani, wifi aliweka kikombe chini ili asije akamwaga chai.

"Yaani sisi tunawafukuza nzi kwenye chakula, wewe unaenda kuwapelekea?"

"Kwa mshahara," Mama Pacha alimjibu.

Kazi yenyewe aliishika haraka. Alichemsha maji, akatia unga wa mahindi, hamira, sukari, na unga wa mwani wa kugandisha, akakoroga mpaka uji ukashika mwiko. Ulipopoa kiasi cha mkono kuvumilia ubavu wa sufuria, alitia dawa ya kuzuia ukungu, akamimina kwenye vichupa. Siku zote alipika sufuria mbili. Moja iliitwa ya kawaida, yenye sukari kidogo. Nyingine iliitwa ya sukari, na hiyo ilikuwa tamu kiasi cha kuuma meno.

Majuma yakapita. Siku moja Daktari aliwakusanya watu wa maabara mezani, akakunja uso. Walikuwa wamepima sukari ya funza. Kazi hiyo ilikuwa hivi: funza walioshwa, wakawekwa juu ya barafu wasicheze, wakatobolewa kwa sindano, wakazungushwa kwenye mashine mpaka maji ya mwili yakashuka kwenye kijichupa cha chini. Tone la maji hayo lilitiwa dawa inayobadilika kuwa ya waridi. Waridi ikikolea, sukari ni nyingi. Ikififia, ni kidogo.

"Angalieni," Daktari alisema. "Hawa wa chakula cha sukari wamekolea, sawa. Lakini hawa wa kawaida nao wamekolea. Sielewi. Nimerudia kila kitu. Sielewi kabisa."

Mama Pacha alikuwa pembeni anaosha vichupa. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye aproni, akasogea mezani.

"Daktari, ile sufuria ya kawaida, mimi huwa naionja."

"Unaionja?"

"Kabla sijatia dawa. Haina ladha kabisa, mwanangu. Nikawaonea huruma. Wenzao pale jirani wanakula vitamu, wao wanakula kama wagonjwa. Nikawa nawaongezea."

"Unawaongezea nini, mama?"

"Sukari. Kiganja tu."

Daktari aliinama, akashika kichwa kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Pacha alidhani amemliza. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha kimyakimya kilichokuwa kikitafuta pa kutokea, mpaka kikapasuka na meza nzima ikacheka naye. Alipofuta machozi, uso wake ulirudi kuwa wa kazi.

"Keti, mama. Nikuombe radhi, kosa ni langu. Nilikuambia upike nini, sikukuambia kwa nini." Alivuta karatasi safi, akachora sufuria mbili. "Nataka kujua sukari inafanya nini mwilini. Sasa lazima niwe na kundi lingine la kulinganishia. Lifanane na la kwanza kwa kila kitu: chumba kile kile, joto lile lile, umri ule ule, mpishi yule yule. Tofauti iwe moja tu, sukari. Ukilipa na hili sukari, hata kwa huruma, mimi nabaki sina cha kulinganisha."

Mama Pacha aliangalia mchoro ule. "Kama unataka kujua kiungo kipya kinafanya nini kwenye mchuzi," alisema polepole, "unapika sufuria mbili. Ukikitia zote mbili, umejidanganya mwenyewe."

"Hapo hapo."

"Kwa hiyo kazi yote hii tunaitupa?"

"Tunaitupa. Tunaanza upya Jumatatu."

"Na mimi?"

"Na wewe unaanza upya Jumatatu," Daktari alisema. "Ungenyamaza, ndiyo ningekufukuza siku ambayo ningegundua."

Nyumbani Baba Pacha alicheka mpaka akakohoa. "Umewapa nzi kisukari kwa huruma!"

"Afadhali yeye," wifi alisema bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachambua. "Wewe unajizidishia mwenyewe, na huruma hata kidogo huna."

Baba Pacha akanywa chai yake.

Tangu siku ile Mama Pacha aliipika sufuria ya kawaida kama mtu aliyekula kiapo. Akawa anauliza maswali, na Daktari akawa anamjibu. Siku moja Daktari alimketisha mbele ya hadubini, akamwekea funza mmoja mzima. Mwili wa funza ulikuwa angavu kama kioo chenye mvuke, na mgongoni mwake, kati ya mistari miwili myeupe, kitu chembamba kilikuwa kinadunda, kinadunda, bila kuchoka.

"Moyo?" Mama Pacha aliuliza.

"Moyo."

Alikaa pale muda mrefu, hata chai yake ikapoa. Chakula alichokipika kwa mikono yake kilikuwa kinausukuma moyo mdogo kuliko punje ya chumvi. Alirudi nyumbani anatabasamu peke yake njiani.

Baada ya mavuno mazuri ya kazi mpya, Daktari alisema familia zinakaribishwa kuja kuona. Wifi alisema nzi anawaona wa kutosha. Baba Pacha alisema ana kazi, kisha akafika wa kwanza, amevaa shati alilopigia picha ya harusi ya pacha.

Daktari alimwonyesha jaribio moja rahisi. Alivisimamisha vichupa virefu mbele ya ubao wenye mistari, akavigonga mezani. Nzi wote wakaanguka chini. Ni kawaida ya nzi, ukimwangusha, kupanda juu. Wale wa chakula cha kawaida walipanda mbio, wakafika kwenye pamba mdomoni mwa kichupa kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Wale wa sukari walijivuta. Mmoja alipanda kidogo, akasimama, akakaa.

"Yule kavunjika mguu?" Baba Pacha aliuliza.

"Hapana, baba. Amelelewa na sufuria ya sukari."

Baba Pacha alivaa miwani yake ya kazi, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Alimtazama nzi yule kwa muda.

"Na akifanyishwa mazoezi?"

Daktari aligeuka, macho yakimng'aa. "Ndilo swali langu hilo hilo, baba. Zipo mashine za kuwafanyisha nzi mazoezi. Zinainua vichupa na kuviangusha, nzi wanapanda tena na tena. Lakini sisi hatuna. Nimekuwa nikivigonga kwa mkono mpaka bega limenivimba."

"Kitu cha kuinuka na kushuka?"

"Kuinuka na kushuka."

"Binti yangu," Baba Pacha alisema, "maisha yangu yote nimeishi na vitu vya kuinuka na kushuka."

Alijifungia karakanani na mota ya cherehani ya zamani, mbao, na mikanda ya mpira. Alipoileta mashine maabara, ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na ilisimama imara. Juma hilo nzi walikuwa wamelishwa chakula chenye rangi ya buluu, ili matumbo yao yaonyeshe wamekula kiasi gani. Daktari alivipanga vichupa kwenye ubao, Baba Pacha akawasha.

Ubao ukapanda vizuri. Ukashuka kwa kishindo. Pamba zikafyatuka kama vizibo vya soda, na kufumba na kufumbua chumba kikajaa nzi wenye matumbo ya buluu. Watu walipunga makaratasi, wengine wakakimbilia kufunga dirisha. Nzi mmoja alitua kwenye pua ya Baba Pacha, akajipangusa miguu, akaruka. Jioni wifi alimkuta mwingine kwenye kilemba cha Mama Pacha, akakaa kitandani akacheka mpaka machozi.

"Nguvu imezidi," Baba Pacha alimwambia Daktari siku iliyofuata. "Nilidhani nashona turubai."

"Na mimi nilikosea," Daktari alikiri. "Sikukupimia kimo cha kuanguka. Tukae wote."

Wakakaa wote. Daktari alipiga hesabu za kimo na za muda wa kupumzika. Baba Pacha alichonga gurudumu la mbao lenye umbo la yai ili ubao ushuke kwa adabu, akatia mpira chini yake. Walijaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena. Mara gurudumu likawa jembamba mno, mara hesabu za Daktari zikasahau uzito wa vioo. Hatimaye mashine ikawa inapanda na kushuka kwa mlio mmoja wa utulivu, tak, tak, na nzi ndani yake wakawa wanapanda, wanaanguka, wanapanda.

Jambo moja lilimtatiza fundi. Daktari alikuwa ameweka juu ya ubao huo huo vichupa vingine ambavyo pamba zake zilisukumwa chini sana, karibu na chakula, hata nzi wake hawakuwa na nafasi ya kupanda.

"Hawa mbona wamebanwa?" alimnong'oneza mkewe. "Wamekosa nini?"

Mama Pacha alijinyoosha kidogo. "Hao ni wa kulinganishia. Wanakula ile ile sukari. Wanasikia kelele ile ile, wanarushwa vile vile. Tofauti iwe moja tu: wenzao wanapanda, wao hawapandi. Tukiwaacha rafuni, hatutajua kama kilichowasaidia wenzao ni kupanda au ni kutikiswa."

Daktari aliyasikia akiwa nyuma yao. Aliendelea kuandika huku anatabasamu.

Majibu yalipotoka, waliitwa wote wawili. Nzi wa sukari waliobanwa walikuwa wazito kama zamani. Nzi wa sukari waliopandishwa walipanda ubao wa mistari kwa kasi iliyowashangaza hata waliotarajia, na tone lao la waridi lilikuwa limefifia. Hawakufika walipo wale wa chakula cha kawaida, lakini walikuwa wamewakaribia.

"Nzi si mtu," Daktari alitahadharisha. "Hili ni swali la kwanza tu, na tutalirudia mara nyingi kabla ya kulisema kwa sauti. Lakini ni zuri."

Baba Pacha alishukuru, akaaga. Mezani usiku ule aliacha kula, akasukuma sahani.

"Mke wangu."

"Nakusikia."

"Mimi ndiye yule wa pamba ya chini."

Mama Pacha aliweka kijiko chini.

"Dawa wananipa," Baba Pacha aliendelea. "Chakula unanipimia. Halafu nakwenda karakanani nakaa kwenye kigoda mpaka jua linazama. Na pamba yenyewe hakuna aliyenisukumia. Nimejisukumia mwenyewe. Na kwenye kopo la sindano kuna peremende. Nendeni mkazitoe, maana mimi nikizitoa nitakula moja."

"Tunajua," wifi alisema. "Nilikuwa nazihesabu."

Wakacheka wote watatu, Mama Pacha akicheka huku amemshika mumewe mkono juu ya meza.

Asubuhi iliyofuata Baba Pacha alipita kliniki kwanza. Muuguzi, aliyekuwa amemhubiria habari ya kutembea mwaka wa nne sasa, alimkagua miguu, akamwambia aanze polepole, avae viatu vinavyomtosha, na asiache dawa. Jioni alianza. Alifika kwenye kona ya duka la vitabu akashika nguzo, pumzi zimemwishia. Mama Pacha alikuwa pembeni yake, naye anahema, maana mpishi anayesimama jikoni kutwa si lazima awe mtembeaji. Walirudi wamechoka na wana njaa. Kesho yake walikwenda tena. Wakaipita kona. Baadaye wakaupita uwanja wa mpira, wakaanza kuujaribu mlima wenye tangi la maji, ambao Baba Pacha aliwahi kuapa kwamba ataupanda akiwa amebebwa.

Majirani walipiga soga. Mmoja aliuliza kama wanandoa hawa wanatafuta kiwanja. Mwingine aliona wanavyocheka njiani akasema labda wameoana upya. Baba Pacha alizoea kusimama na kueleza habari za nzi, kwa marefu na mapana, mpaka Mama Pacha akamvuta shati.

Kliniki iliyofuata muuguzi alisoma majibu ya damu, akayasoma tena, akamwangalia Baba Pacha juu ya miwani.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimepanda na kushuka," alijibu.

Kule maabara, Daktari alipomwona wiki ile alimpa mkono kwa mikono miwili. Maabara ya mji mwingine ilikuwa imesikia habari za mashine na inataka yake. Baba Pacha alisema ataitengeneza, lakini kwa rangi nyingine, ili zisichanganyikane zikikutana. Mama Pacha naye aliongezewa kazi: asubuhi sufuria, mchana hadubini, akiwapanga funza juu ya barafu kwa brashi laini, mkono wake mkubwa umetulia kama wa mtunga lulu.

Jumamosi moja, jua likiwa limepoa, walimshawishi hata wifi. Alitoka amevaa viatu vipya vyeupe na kulalamika tangu mlangoni: kwamba barabara ni ndefu, kwamba kaka yake anakimbia, kwamba nzi wanafaidika kwa kuwa wana miguu sita. Walipanda polepole. Kileleni Baba Pacha alifika wa kwanza, akaegemea ukuta wa tangi akiangalia mabati ya mtaa wao yakimeta huko chini. Mama Pacha akafuata, akasimama ubavuni kwake. Wifi alifika mwisho, amevua kitambaa cha kichwa anajipepea nacho, akatafuta jiwe la kukalia.

"Sogeeni," alisema. "Mmeniziba upepo."

Wakasogea.